Minivan ya 2003 inabugia wese balaa, nimebadilisha karibu kila kitu bado ni ile ile

BabaWatano:
Wakuu habari, naombeni msaada maana nimefika mwisho wa akili zangu. Nina minivan ya 2003, petroli, injini ya lita 2.4, otomatiki ya gia nne, imeshatembea kilomita 214,000. Niliichukua mkononi mwa mtu miaka miwili iliyopita na tangu siku ya kwanza inabugia wese utadhani lori. Mwenye nayo wa mwanzo alikuwa anasema ilimpa kilomita 9 hadi 10 kwa lita, mimi nikijitahidi sana napata 7, tena hiyo ni safari ndefu, kwenye foleni sitaki hata kuhesabu.

Mpaka sasa nimebadilisha filta ya hewa, plagi zote nne, nimemwaga dawa ya kusafishia nozeli (zile zinazopulizia petroli kwenye injini) kwenye tanki mara mbili, nikatumia petroli ya okteni ya juu mwezi mzima, na msinicheke, nilinunua hadi vile visumaku vya kufunga kwenye paipu ya mafuta. Hakuna kilichobadilika. Taa ya cheki injini haiwaki, injini haitetemeki, moshi hakuna, na kitu kimoja nachojivunia kwenye hii gari ni kwamba haichemki kabisa, hata nipande mlima na watu saba ndani mshale wa joto uko kule chini umetulia. Sasa fundi mmoja anasema sensa ya oksijeni (ile ya kwenye bomba la moshi), mwingine anasema nozeli zote zimechoka, wa tatu anasema giaboksi. Kila mmoja ana jibu lake na kila jibu lina hela yake. Nianzie wapi?

Mguu_Mzito:
Minivan ni nyumba iliyowekewa matairi mkuu, ukuta wote ule unausukuma kwenye upepo ulitegemea nini 😂 Uza uchukue kigari cha lita moja, hao watano uwe unawabeba kwa zamu.

spana_kumi:
Kabla hujanunua kitu kingine chochote acha kwanza kununua. Yaani umebadilisha vitu vitano na hakuna hata kimoja ulichokipima, ni kama mtu anameza dawa zote dukani halafu anauliza anaumwa nini.

Cha kwanza hiyo 7 umeipataje? Kama ni kwa kuangalia mshale wa mafuta hiyo namba itupe. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata kidogo, rudisha tripu sifuri, endesha kama unavyoendesha siku zote, ikishuka chini ya nusu rudi jaza tena vile vile mpaka ijikate, ikiwezekana kwenye pampu ile ile. Kilomita gawanya kwa lita ulizojaza. Tanki moja linadanganya, matatu yanaanza kusema ukweli. Na uangalie saizi ya tairi, kama mtu aliwahi kukufungia kubwa kuliko za kiwandani basi kilomita zako zinasomeka pungufu na unaionea gari bure.

Kuhusu ulivyobadilisha. Filta ya hewa kwenye gari ya nozeli na kompyuta haiongezi kilomita kwa lita kiasi cha kuonekana, kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta ya kuendana nayo, filta ikiziba gari inakosa nguvu ila haiongezi ulaji kama zile za kabureta za zamani. Okteni ya juu kama injini haikutengenezwa kwa ajili yake ni kuchoma pesa. Visumaku sitaki hata kuvizungumzia, EPA, shirika la mazingira la Marekani, wamepima vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo, vya kupunguza mafuta, na hakuna walichokikuta kinaleta tofauti ya maana.

Sasa nirudi kwenye maelezo yako. Pale ulipojivunia ndipo mimi nilipopata wasiwasi. Mshale wa joto kukaa chini sio sifa mkuu. Injini nyingi za petroli zinatakiwa kufanya kazi kwenye nyuzi kama 85 hadi 95 na mshale ukae katikati au chini yake kidogo tu, kiangazi na masika, mlima na tambarare. Ukiona unakaa chini kabisa hasa ukiwa kasi barabarani halafu ukiingia foleni ndio unapanda, hiyo thamostati (kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) imekwama wazi au haipo.

Na injini baridi inakunywa, nakuhakikishia. Petroli ikikuta vyuma vya baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inang'ang'ania ukutani, kwa hiyo kompyuta inaziacha nozeli wazi muda mrefu zaidi kufidia, ni ile choki ya zamani tu ila siku hizi haina waya wa kuvuta. Ukiitembeza gari siku nzima ikiwa vuguvugu ni kama unaendesha na choki imevutwa nusu. Oili nayo nzito. Halafu kuna hili ambalo mafundi wengi hawaliangalii: otomatiki nyingi haziruhusu gia ya juu, au hazifungi ile kluchi ya ndani ya tokikonveta (chombo chenye oili kinachounganisha injini na giaboksi), mpaka maji ya injini yafike joto fulani. Ile kluchi isipofunga, nguvu ya injini inapita kwenye oili inayoteleza, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ziko juu bila sababu na mafuta yanaishia kupasha joto giaboksi. Kwa hiyo yule aliyekwambia giaboksi anaweza kuwa ameona kitu cha kweli ila amekosea chanzo.

Nipe majibu haya: ukiwa 90 tambarare rpm ngapi? Kuna taa ya O/D OFF (yaani gia ya juu imezimwa) imewaka kwenye dashibodi? Ukiwasha hita inatoa moto au uvuguvugu? Na kama una rafiki mwenye kale kaskana ka Bluetooth kanachochomekwa chini ya usukani, kaazime, usome joto la maji ukiwa safarini.

MamaSafari:
Spana kasema ya injini mimi niseme ya nje, maana nina minivan ya umri huo huo na yangu ilikuwa haina ugonjwa wowote, mgonjwa nilikuwa mimi dereva.

BabaWatano juu ya gari kuna keria? Mimi nilikuwa na keria na lile boksi kubwa la mizigo, tulilifunga kwa safari moja likakaa juu mwaka mzima likiwa tupu, ndani kulikuwa na turubai moja na kiatu cha mtoto, kimoja. Siku nilipolishusha, barabara kuu gari ikawa kimya nikadhani kuna kitu kimeharibika, kumbe ni ule mlio wa upepo umeondoka. Mahesabu ya serikali ya Marekani yanaonyesha boksi kubwa la juu kwa mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa linaweza kula asilimia 10 mpaka 25 ya mafuta yako, ila mjini mwendo wa pole halina makali hayo. Mizigo ya ndani ni kidogo zaidi, kila kilo 45 ni kama asilimia 1, lakini minivan ina tabia ya kuwa stoo. Mimi nilitoa jeki mbili (sijui ya pili ya nani), viti viwili vya watoto ambao sasa hivi wamenipita urefu, na dumu la maji lita 20 ambalo nilikuwa nimeshalisahau.

Tairi pima asubuhi kabla gari haijatembea, na namba ya kufuata ni ile ya kibandiko cha mlango wa dereva, sio iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, ile ya kwenye tairi ni mwisho wa uwezo wake. Kila psi moja pungufu kwenye tairi zote ni kama asilimia 0.2, inaonekana ndogo ila zangu zilikuwa zimepungua psi 9 na nilikuwa sijui kwa sababu tairi za siku hizi kwa macho zinaonekana zimejaa tu.

Na mguu sasa. Mume wangu akiendesha na mimi nikiendesha gari ile ile njia ile ile tunatofautiana zaidi ya kilomita moja kwa lita, na hapo ni mimi nafika dakika nne nyuma yake. Yeye akiona taa nyekundu mbele bado anakanyaga mafuta halafu anakanyaga breki. Mimi nikiona nyekundu natoa mguu mapema, mara nyingi nafika imeshakuwa kijani sijasimama kabisa. Kuiamsha gari ya tani karibu mbili kutoka kusimama ndiko kunakonywa. Na 120 barabara kuu kwa hili umbo la kabati hapana, shuka kwenye 90 utaona.

Konda_Mstaafu:
Watu wanazunguka tu, siri ni kushuka mlima kwa nyutro. Nimefanya hivyo miaka na miaka, ukifika kileleni weka N gari iteleze yenyewe, mafuta ya bure.

spana_kumi:
Mzee wangu heshima zote lakini hapo tutofautiane. Hiyo ilikuwa na maana kwenye kabureta. Gari ya nozeli ukitoa mguu ukiwa kwenye gia na rpm ziko juu kidogo, kompyuta inafunga nozeli kabisa, zinatoa sifuri, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N injini inabidi ijihudumie isizime, kwa hiyo inaanza kunywa tena, gari iliyosimama inaunguruma inakunywa lita 1 mpaka karibu 2 kwa saa kutegemea ukubwa wa injini. Kwa hiyo unalipia kile ulichokuwa unapewa bure. Na juu ya hapo umeitupa breki ya injini kwenye mteremko ukiwa na watu saba, breki zikichemka zikalegea utaniambia hayo mafuta uliyookoa yamekusaidia nini.

Konda_Mstaafu:
Haya mwanangu nimekusikia. Ila zamani ilikuwa inasaidia 😄

BabaWatano:
Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita naombeni msinichoke, haya ni marefu kidogo.

Nilianza na kupima. Tanki la kwanza kilomita 412, lita 58.6, kwa hiyo 7.0 ilikuwa ya kweli. Nikafuata ya dada MamaSafari, tairi zilikuwa pungufu zote, ya nyuma kulia ilikuwa 22 wakati kibandiko kinasema 33, nikajaza, nikafungua keria (boliti moja ilinigomea nikaikata), nikatoa makorokoro nyuma. Tanki lililofuata njia zile zile kilomita 403, lita 54.4. Yaani 7.4. Sio mbaya kwa kazi ya mikono mitupu.

Sasa maswali ya spana. Taa ya O/D OFF haiwaki. Hita vuguvugu, mke wangu alikuwa analalamika siku zote mimi nikamwambia gari za zamani ndio zilivyo. Kaskana nikaazima kwa jirani, na hapo ndipo niliposhtuka. Barabara kuu kwenye 90 maji yanasoma nyuzi 61, 63, mara 60, nikipanda mlima inafika 68, nikitoa mguu inashuka hapo hapo. Nikiingia foleni inapanda 80 na kitu, na siku moja nikakaa foleni ndefu mpaka ikagusa 84, nilipotoka pale nikawa na kama dakika mbili za gari nyingine kabisa: kwenye 90 rpm zilishuka kutoka 3,000 hadi 2,600 hivi peke yake, kama vile imebadilisha gia, halafu joto liliposhuka zikarudi juu. Miaka miwili sijawahi kuona hilo, au niliona nikadhani ni upepo.

Jumamosi gari ikiwa ya baridi nikafungua ile nyumba ya thamostati. Wakuu, ndani hakuna kitu. Kuna mpira wa kuzuia maji umekaa vizuri umebanwa, katikati unaona tundu jeusi tu. Mtu aliitoa akafunga akaondoka zake. Na maji yenyewe yalikuwa rangi ya chai ya rangi.

spana_kumi:
Nilijua. Hiyo ni tiba ya zamani sana, gari ikichemka fundi anatoa thamostati maji yazunguke muda wote, mwenye gari anaona mshale umeshuka anashukuru analipa. Na kompyuta yako kutowasha taa isikushangaze, sio gari zote za miaka ile zina programu ya kukamata hilo, zinazokamata huwa zinatoa namba ya hitilafu P0128.

Sasa ngoja, usikimbilie kufunga mpya leo. Jiulize kwanza kwa nini iliondolewa. Hakuna anayeitoa kwa kujifurahisha, hii gari ilikuwa inachemka na kile kilichokuwa kinaichemsha pengine bado kipo, kimefichwa tu na hilo tundu. Ukirudisha thamostati bila kukitafuta utanilaumu mimi siku ya kwanza ya foleni. Rangi hiyo ya maji ni kutu, mtu alikuwa anajaza maji ya bomba matupu bila kulanti (dawa ya kupozea inayozuia kutu), kwa hiyo rejeta inaweza kuwa imeziba chini. Injini ikishapata joto pitisha mkono mbele ya rejeta, mbali na feni, kama kuna sehemu ni ya baridi na nyingine inaunguza basi hapo maji hayapiti. Angalia kifuniko cha rejeta, mpira wake ukichoka hakishiki presha na maji yanachemka mapema, ila usikifungue ikiwa ya moto narudia USIKIFUNGUE. Na washa kiyoyozi uone feni zinazunguka, gari nyingi zenye feni mbili zinatakiwa kuzunguka zote.

Ukifunga, chukua ya nyuzi zile zile za kiwandani, imeandikwa kwenye chuma chenyewe, nyingi ni 82 au 88. Usiende kwa anayekwambia ya baridi zaidi ndio salama. Kale kachuma kadogo kanakocheza kwenye ukingo wake kakae juu ili hewa ipite, halafu toa hewa yote kwenye mfumo na ujaze kulanti.

Mguu_Mzito:
Na sensa ya oksijeni je? Kwa kilomita 214,000 si imeshakufa kiume?

spana_kumi:
Inaweza kuwa imechoka kweli, kwa umri huo huwa zinakuwa nzito kujibu. Ila injini ikiwa nyuzi 60 huwezi kuihukumu kwa haki. Arudishe joto kwanza halafu asome kwenye skana ile asilimia ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta), ikiwa ndani ya 10 juu au chini aiache sensa ya watu ipumzike.

BabaWatano:
Mrejesho. Feni moja ilikuwa haizunguki, soketi yake imeoza kwa kutu mpaka waya umekatika. Huyo ndiye aliyekuwa mchawi wa mwanzo, waya mmoja, badala ya kuunga waya mtu akatoa thamostati. Rejeta tuliifungua tukaisafisha maji yakatoka kama matope, sasa yanapita. Feni zote zinazunguka, thamostati mpya ya 82, kulanti mpya.

Barabara kuu sasa hivi inakaa 84 hadi 88, foleni inafika 93 feni zinawaka inashuka. Na nakiri mara ya kwanza kuona mshale umepanda mpaka karibu na katikati nilipaki pembeni kwa woga nikafungua boneti, hakuna kitu, gari nzima tu. Rpm zinashuka kwenye 90 na zinabaki chini. Hita inaunguza miguu, mke wangu ameniangalia hakusema kitu. Tanki: kilomita 437, lita 51.4. 8.5.

Marekebisho ya mafuta yanasoma +4, kwa hiyo sensa nimeiacha na nozeli nimeziacha.

Halafu kitu kingine, nilivyokuwa nimesimama pale nikasikia gurudumu la mbele kushoto linatoa harufu kama ya kuungua, nikasogeza mkono karibu nalo nikakuta joto lake sio la kawaida ukilinganisha na kulia. Nikanyanyua kwa jeki nikazungusha kwa mkono, la kulia linakwenda karibu mzunguko mzima, la kushoto nusu tu linakaba. Ni nini hiyo?

MamaSafari:
Breki inakamata. Zile pini ambazo kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) inatelezea zimekauka, pedi hazirudi nyuma, unaendesha siku nzima breki imeshikwa kidogo. Zitolewe zisafishwe zipakwe grisi ya breki sio grisi yoyote tu, na uangalie vile vimpira vyake kama vimechanika. Kama pini ziko sawa basi pistoni ndiyo imekwama na hapo usijaribu ubahili, fundi wa breki.

BabaWatano:
Pini kabisa, ya chini ilitoka kwa nyundo. Nimesafisha pande zote mbili, ya chini kushoto nimeweka mpya. Tanki la jana kilomita 389, lita 43.2, ukigawanya ni 9.0. Nimegawanya mara tatu.

Visumaku vipo kwenye droo ya jikoni, vinashikilia misumari.

Mguu_Mzito:
Kwa hiyo hauuzi?

BabaWatano:
Siuzi.